Jumia si duka, ni soko: nani anakuuzia, nani anakubebea, nani anakurudishia pesa

Fungua programu ya Jumia ukiwa Nairobi, utafute simu ya aina moja, rangi moja, ukubwa mmoja wa hifadhi. Si ajabu ukute bei tatu. Ya kwanza inasema itafika kesho, ya pili wiki ijayo, na ya tatu imeandikwa kwamba inatoka nje ya nchi, kwa hiyo utaisubiri. Aliyenunua ile ya kwanza ikamfikia salama atakuambia Jumia ni mambo yote. Aliyenunua ya tatu, ikaja na chaja ya pini mbili bapa zisizoingia kwenye soketi yoyote ya nyumba yake, ataapa harudi tena. Kila mmoja ana ushahidi wake mkononi, na wote wawili wanaamini wamenunua kwa mtu mmoja. Hawakununua kwa mtu mmoja, na mabishano mengi kuhusu kampuni hii huanzia hapo.

Neno linalotupotosha ni "duka". Mwenye duka hununua mali kwa pesa yake, huipanga kwenye rafu, kisha hukuuzia. Ikioza ni hasara yake, na ikiwa mbovu unamrudia yeye. Sasa fikiria eksibisheni yoyote katikati ya Nairobi, tuseme pale Luthuli Avenue: jengo moja, lango moja, askari mmoja mlangoni, na ndani vibanda hamsini vya watu hamsini. Redio ya kibanda cha 14 ni ya mwenye kibanda cha 14. Mwenye jengo hajawahi kuiona. Yeye anachojua ni kodi.

Jumia kwa sehemu kubwa ni hilo jengo, isipokuwa mwenye jengo huyu ana mambo mawili ambayo wa Luthuli hana. Pesa yako inapitia mikononi mwake kabla ya kumfikia mwenye kibanda, na usafirishaji anaupanga yeye. Kwa hiyo kila unapobonyeza kununua, unaingia katika shughuli yenye pande tatu: muuzaji, mbebaji na mshika pesa. Wakati mwingine pande hizo zote ni Jumia yenyewe, maana bado kuna vitu inavyouza kwa jina lake. Mara nyingi sivyo.

Kampuni ilianzia Lagos mwaka 2012 na kuingia Kenya mwaka 2013. Miaka ya mwanzo ilifanana zaidi na duka. Ilinunua mali na kuiuza. Kugeuka soko kulikuja baadaye, kwa sababu kununua mali ya mamilioni na kuitunza ghalani hula mtaji haraka, ilhali kumpangishia mtu kibanda hakukugharimu mali. Jina halikubadilika, ndiyo maana wateja wengi hawakuona tofauti.

Alama zilizo kwenye ukurasa wa bidhaa ndizo zinazokuonyesha uko kibanda gani. Jumia Express maana yake mzigo tayari uko ghalani mwa Jumia, umefikishwa huko na muuzaji na unasubiri kufungwa. Ndiyo maana unafika upesi. Haina maana kwamba Jumia imeukagua ubora wake au kwamba ni mali yao. Alama ya duka rasmi inasema muuzaji ni chapa yenyewe au msambazaji aliyeidhinishwa na chapa, na hapo ndipo hadithi ya warranty (dhamana ya kutengenezewa au kubadilishiwa) huwa na uzito. Ya kutoka nje ya nchi inasema muuzaji yuko mbali, mara nyingi China, na kitu chenyewe hakijapanda ndege bado. Kisha kuna sehemu ambayo watu huipita mbio: jina la muuzaji na alama zake za utendaji, chini kidogo ya bei. Ukiisoma hiyo kabla ya kusoma maoni ya wateja utakuwa umefanya nusu ya kazi. Maoni huhusu bidhaa, na mtu aliyeisifu mwaka jana huenda aliinunua kibanda kingine.

Bei inatengenezwaje

Watu husema bei za mtandaoni ni nafuu kwa sababu hakuna kodi ya duka. Ni kweli nusu. Chukua blenda inayouzwa Sh 3,480. Tarakimu nyingine hapa chini ni za mfano, kwa maana kamisheni hutofautiana kulingana na aina ya bidhaa, ila hesabu inakwenda hivi.

Kama muuzaji amesajiliwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na anapaswa kusajiliwa mauzo yake yakifika Sh milioni 5 kwa mwaka, asilimia 16 imo ndani ya bei hiyo. Gawanya 3,480 kwa 1.16 upate 3,000. Zile 480 ni za KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Kamisheni ya soko, tuseme asilimia 10 ya bei, ni 348. Zinabaki 2,652. Boksi, gundi na plastiki ya mapovu, 50. Kulipia blenda ionekane juu ya orodha badala ya ukurasa wa sita, 100 kwa kila blenda inayouzwa. Sasa zipo 2,502. Ikiwa aliichukua kwa wauza jumla wa Nyamakima, Nairobi, kwa 2,300 bila VAT, amebaki na Sh 202, na hajamlipa kijana anayefunga mizigo.

Ukiitazama hesabu hiyo mambo mawili yanajieleza. Utaona kwa nini muuzaji yuleyule, ukimfuata kibandani kwake, anaweza kukuachia kwa 3,200 na bado akatabasamu. Utaona pia kwa nini mzigo mmoja uliorudishwa ukiwa umepasuka unameza faida ya blenda kumi na mbili. Wauzaji hawaogopi bei ya chini kama wanavyoogopa marejesho.

Gharama ya kukufikishia iko kando, nayo ina siri yake. Makampuni ya kusafirisha mizigo hayapimi kilo peke yake, hupima pia nafasi. Kanuni ya kawaida ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ugawanye kwa 5,000, upate "kilo za ujazo". Kati ya hizo na kilo za mizani, inayotozwa ni ile kubwa. Mito miwili ya kulalia kwenye boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 30 inatoa 72,000, ambayo ukigawanya ni kilo 14.4, hata kama mizani inasema mbili. Pasi kwenye boksi la 28 kwa 14 kwa 15 haifiki hata kilo moja na robo. Ndiyo maana mtu analalamika kwamba mito ya Sh 900 imeombewa pesa nyingi za usafiri kuliko pasi ya 2,000. Gari likijaa hewa, hewa inalipiwa.

Geti jeusi mkabala na kinyozi

Hapa ndipo biashara yenyewe hushindwa au hufaulu, kwa hiyo tukae kidogo.

Mzigo wa mjini huondoka ghalani asubuhi pamoja na makumi ya mingine. Boda anafika mtaa wa Umoja saa tano. Anwani inasema "Tena, geti jeusi, mkabala na kinyozi". Mageti meusi ni manane na vinyozi ni vitatu. Anapiga simu, haipokelewi. Mteja yuko kazini, na namba ni ngeni. Anasubiri dakika kumi, anaandika kwamba mteja hapatikani, anaondoka. Jioni mteja anafungua programu na kusoma kwamba jaribio la kumfikia limeshindikana. Anakasirika: "Mimi nilikuwa na simu siku nzima!" Wote wawili wanasema kweli.

Kesho yake safari ileile inarudiwa. Mafuta ni yaleyale na muda ni uleule, ila faida ni ileile ya blenda moja. Ndiyo sababu Jumia imeweka nguvu zake kwenye vituo vya kuchukulia mizigo, na ndiyo sababu kwa kawaida kituo hukutoza kidogo kuliko mlangoni. Gari likishusha mizigo 40 mahali pamoja limesimama mara moja. Ukiipeleka milangoni ni kusimama mara 40, simu 40, na vinyozi wasiohesabika. Kwa miji kama Kisii, Kitale au Voi, bila vituo hivyo soko hili lisingefika kabisa kwa bei inayovumilika.

Mwenye kituo, lakini, si Jumia. Mara nyingi ni mtu mwenye sayba (kibanda cha intaneti), duka la M-Pesa au la vifaa vya simu, anayelipwa kiasi kwa kila mzigo. Kazi yake ni kupokea, kuhifadhi, kukukabidhi ukimwonyesha namba ya oda, na kupokea unachorudisha. Hana mamlaka ya kukurudishia pesa, hajui blenda yako ilitoka kibanda kipi, na kumfokea ni kumwonea. Mzigo hukaa kwake siku chache tu, zilizotajwa kwenye ujumbe uliotumiwa, kisha hurejeshwa ghalani. Wengi hupoteza oda kwa njia hiyo: wanasubiri mshahara wa mwisho wa mwezi huku siku zikihesabika.

Jambo hilo linatuleta kwenye kulipa unapopokea. Mtindo huu ndio uliowafungulia mlango wanunuzi wasioamini mtandao, na ndio uliokuwa mzigo mkubwa. Mtu asiyetoa hata shilingi anaweza kuagiza vitu vitatu, achukue kimoja, au aamke siku hiyo hataki chochote. Mzigo umeenda Kisii umerudi, mafuta yamelipwa mara mbili, hakuna aliyenunua. Kwa hiyo ukikuta bidhaa fulani, hasa ya bei kubwa au ya kutoka nje, inadai ulipe kwanza, usifikirie wizi moja kwa moja. Kitu cha kuangalia ni unalipia wapi. Malipo ndani ya programu yanabaki kwenye kumbukumbu ya oda. Malipo kwa namba ya mtu aliyekupigia akisema "mzigo umekwama, tuma Sh 150 ya kibali" hayana oda, hayana rekodi na hayana wa kuyarudisha. Ombi la PIN likitokea kwenye simu yako, soma jina la anayepokea pesa kabla ya kubonyeza chochote.

Huduma zinazofunguliwa na kufungwa

Kila kampuni hii inapotangaza huduma mpya au kufunga ya zamani, mtandaoni huzuka kelele: inakua, inakufa, inakua. Kumbuka tu ile hesabu ya kusimama mara 40: kinachohitaji boda ni ghali, kisichohitaji ni rahisi.

JumiaPay, huduma ya malipo, ilizaliwa ndani ya soko ili pesa ishikwe na mtu wa kati, ndipo ikaongezewa kununua muda wa maongezi na kulipa bili. Huduma ya aina hii haihitaji boda, kwa hiyo kuipanua ni rahisi. Mawakala wa JForce huwaagizia majirani wasio na intaneti au wasioiamini, kwa kamisheni. Hao ni watu wanaojua geti jeusi ni lipi. Matangazo ya kulipia hayana mzigo wa kubeba hata kidogo, ndiyo maana kila soko kubwa duniani huyapenda.

Chakula kilikuwa kinyume. Jumia Food, huduma ya kuletewa chakula, ilifungwa mwishoni mwa Desemba 2023 katika nchi zote ilikokuwa, Kenya na Uganda zikiwamo. Wengi walishangaa, maana masanduku yake yalionekana kila barabara. Lakini pasi inaweza kusubiri ghalani mpaka zipatikane nyingine 39 za mtaa huohuo. Chapati na maharage haviwezi. Boda mmoja, safari moja, mlo mmoja wa Sh 600, saa ileile ambayo kila mtu ana njaa. Kuonekana barabarani na kupata faida ni vitu viwili.

Na tangu 2012 hadi kufikia mwisho wa 2024, kampuni haikuwahi kufunga mwaka ikiwa na faida, ingawa hisa zake zimeuzwa kwenye soko la New York tangu Aprili 2019. Ndiyo sababu ya kujiondoa huku na huko. Tanzania na Kamerun zilifungwa Novemba 2019, Rwanda ikafuata Januari 2020, na mwishoni mwa 2024 zikafungwa Afrika Kusini na Tunisia. Watanzania wengine waliichukulia kama dharau. Kufunga mlango Dar es Salaam hakukuwa na maana kwamba Watanzania hawanunui mtandaoni. Wananunua sana, kwa muuzaji wa Kariakoo aliyepiga picha akaiweka Instagram, anayepokea pesa kwa simu na kutuma mzigo kwa boda au basi la mkoani. Hilo nalo ni soko, ila halina mwenye jengo. Ni jepesi, lina bei nzuri, na pesa ikishatoka imetoka: hakuna mtu wa kati wa kuishikilia.

Uvumi mwingine unaozunguka ni kwamba Amazon imefungua duka Kenya. Amazon ina biashara mbili kubwa ambazo hazifanani. Moja hukodisha nguvu za kompyuta kwa mabenki na makampuni, na hiyo ina ofisi na watu Nairobi. Nyingine ni soko la kununua vitu, na hilo barani Afrika lina tovuti za nchi mbili: Misri, ambako ilinunua Souq mwaka 2017 na kuibadili jina mwaka 2021, na Afrika Kusini, iliyozinduliwa Mei 2024. Ukiwa Nairobi unaweza kuagiza baadhi ya vitu kutoka Marekani vikuletewe, ukilipa usafiri na ushuru. Huko ni kuagiza kutoka nje, si kununua dukani.

Feki, na hesabu ya kuitambua

"Vitu vya mtandaoni ni feki" ni kauli pana mno. Kilicho kweli ni kwamba soko lenye vibanda maelfu lina vibanda vibaya, na kwamba aina fulani za bidhaa hudanganya kwa tarakimu. Tarakimu zenyewe ndizo zinazomfichua mwongo.

Pawabenki ndiyo rahisi kuliko zote. Seli ya silinda ya aina ya 18650, iliyomo ndani ya nyingi zake, ina uzito wa gramu 45 hivi na kwa kawaida hubeba chaji ya kati ya mAh 2,000 na 3,500. Pawabenki inayodai mAh 50,000 ingehitaji seli 15 zilizo bora kabisa: gramu 675 bila kava. Ukurasa ukisema gramu 220, huhitaji fundi. Hata ya kweli ya 20,000 haimwagi 20,000 kwenye simu yako, kwa sababu hesabu hiyo ni ya volti 3.7 ndani na inatoka kwa volti 5, na njiani kuna upotevu. Tarajia kama 12,000 hadi 13,000, yaani simu ya 5,000 mara mbili na nusu. Anayelalamika kwamba haijazi mara nne hajaibiwa.

Flashi ya 2TB kwa Sh 800 ni karibu hakika uongo. Ndani huwa kuna 16GB au 32GB zilizopangwa ziseme 2TB kwenye skrini, na ukipitisha ukomo huo huanza kuandika juu ya picha zako za zamani. Programu ya bure ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux, huijaza data na kuisoma tena, uongo unaonekana. Ifanye siku ya kwanza, siku za kurudisha zikiwa bado hazijaisha.

Simu iliyoandikwa RAM ya 16GB, isome mara mbili. Mara nyingi ni 8 za kweli na 8 za kuazima kutoka kwenye hifadhi, ambazo zina mwendo wa polepole zaidi. Si feki, ni tangazo la kijanja. Bei ya zamani iliyokatwa mstari, isahau kabisa. Linganisha bei ya leo na vibanda vingine vitatu, na bei ya supamaketi iwe ya nne. Kwa vifaa vya umeme vya kutoka nje, tafuta volti 220 hadi 240 na plagi ya pini tatu za mraba. Cha volti 110 pekee kitaungua mara ya kwanza utakapokichomeka.

Siku ya kupokea, rekodi video kuanzia boksi likiwa limefungwa, lebo ya oda ikionekana, mpaka kifaa kinawaka, bila kukata. Kama ni simu, bonyeza *#06# na ulinganishe IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, ya skrini na ya boksi. Usitupe boksi wala plastiki. Muda wa kurudisha umeandikwa kwenye ukurasa wa bidhaa nao hutofautiana. Piga picha ukurasa huo siku unayonunua. Unapojaza sababu ya kurudisha, chagua ile ya kweli. "Haifanyi kazi" na "si kama ilivyoelezwa" ni kosa la upande wa pili, na video yako ndiyo ushahidi. "Nimebadili mawazo" ni lako, na kwa chupi, vipodozi vilivyofunguliwa na vya aina hiyo kwa kawaida halikubaliki. Dai liandike ndani ya programu hata kama umeshapiga simu, kwa kuwa simu haiachi alama kwenye oda. Pesa ikirudi, angalia imerudi wapi: kwenye M-Pesa, kwenye kadi, au kama salio ndani ya programu yenyewe, ambalo wengi hulitafuta kwenye simu kwa wiki nzima ilhali limekaa palepale.

Na kama unajinunulia vitu vya biashara, omba ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, kabla ya kulipa, tena kwa muuzaji, si kwa boda. Tangu Januari 2024 KRA haikubali gharama isiyo na ankara hiyo kupunguza faida inayotozwa kodi. Kuna muuzaji atakayekuambia hana. Basi bei yake ilikuwa nafuu kwa sababu hiyo.